Viti vya Gari la Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hamu ya chakula hunitoka. Baba yangu alikuwa amezikwa karibuni, huko kwetu juu ya Wundanyi. Ndugu zangu wawili walisimama uani, kila mmoja upande wake wa gari, na mama alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mlango ameufunga.

Gari lilikuwa la zamani hata wakati ule, stesheni wegoni ya rangi ya maziwa iliyoanza kuchubuka. Lakini kijijini kwetu halikuwapo jingine. Siku za soko lilibeba kabichi, siku nyingine lilibeba wagonjwa. Mama mjamzito akizidiwa, mtu akianguka kutoka juu ya paa, watu walikuja kumwita baba. Akirudi kutoka hospitali Voi, mara nyingi viti vilikuwa na damu, na mimi ndiye niliyemsaidia kuvitoa ili tuvioshe. Nilikuwa msichana, lakini nilipenda spana kuliko mwiko, na baba hakunikataza. Alinifundisha kwamba boliti yenye kutu haishindwi kwa nguvu. Unaipaka mafuta ya taa, unaigonga polepole, kisha unaiacha ifikirie. Kava la mlango nalo lina vibanio vyake, unavitafuta kimoja kimoja kwa mpini wa kijiko uliofungwa kitambaa.

Mwadime, kaka yetu mkubwa, alisema gari ni lake kwa kuwa yeye ni kifungua mimba. Mwakio, aliyemfuata, alisema yeye ndiye aliyekuwa akilihangaikia kwa vipuri. Mama alitaka jambo moja tu, gari libaki zima, liendelee kuteremsha wagonjwa hospitali. Wazee wetu walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee asiposikilizwa ni kama hayupo.

Mwishowe Mwakio akasema, "Sawa, kaka. Chukua gari. Lakini vya ndani ni vyangu. Viti, makava, zulia, kila kitu."

"Chukua! Na harufu ya kabichi uchukue pia."

"Nitachukua. Wewe utaendesha umechuchumaa kama kuku anayetaga."

Walicheka, mwanangu. Kicheko hicho kilinidanganya, nikadhani wameanza kupatana. Kumbe walikuwa wakigawana gari kama mbuzi wa sherehe, huyu paja, yule mbavu. Na mbuzi hugawanywa akishachinjwa.

"Anayetaka hiki kiti," mama alisema kutoka ndani, "akitoe na mimi nikiwa juu yake."

Wakaanza na vya mbele. Boliti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Mwakio alipiga nyundo, spana ikateleza, ngozi ya vidole ikachunika. Mwadime alijaribu kuchokonoa kava la mlango kwa bisibisi, akalipasua. Jua likawa kali. Mwakio akaitupa spana kwenye majani.

"Achana navyo, havitoki hivi! Vibaki tu hapo."

Mungu alikuwa ametufungulia mlango mpana namna hiyo. Mimi ndiye niliyeufunga.

"Unaharibu reli za kiti," nikamwambia. "Leta mafuta ya taa."

Sikufikiri. Iliniuma kuona kitu cha baba kikiharibiwa ovyo, na nikisema kweli, niliona fahari kidogo kwamba nilijua wasichokijua.

"Kumbe fundi tunaye nyumbani!" Mwakio akapiga makofi. "Dada Wakesho, hebu tuonyeshe."

Nikawaonyesha. Nilisukuma kiti nyuma nikafungua boliti za mbele, nikakisukuma mbele nikafungua za nyuma. Viti viwili vikatoka bila mkwaruzo. Nikayatoa na makava, bila kuvunja kibanio hata kimoja. Halafu nikafika kwenye kiti cha nyuma, nikasimama mlangoni na spana mkononi.

Mama hakupiga kelele. Aliteremka mwenyewe, akajifunga leso vizuri, akaniangalia.

"Wakesho, baba yako alikufundisha kuvitoa ili virudi."

Akaenda jikoni. Nami, mwanangu, nilimaliza kazi.

Mwakio alipeleka viti Mraru, vikawa vya wateja kwenye hoteli yake ya chai. Mwadime aliweka kreti ya soda mahali pa dereva, akaenda dukani na kurudi, mgongo ukamuuma, akaliegesha gari kando ya ukuta. Majirani waliokuja na mgonjwa walichungulia ndani, wakaona mabati matupu, wakaondoka bila kutulaumu. Afadhali wangetulaumu.

Mvua za masika ziliponyesha, mama alianguka jikoni asubuhi moja, mdomo umepinda, mkono mmoja hausogei. Mwadime alikimbilia gari, na gari likawaka mara moja. Tulitandika godoro sakafuni mwa gari, tukamlaza mama, nikampakata kichwa. Kwenye kona za kuteremkia Mwatate kreti iliteleza, Mwadime akaanguka ubavu na usukani mkononi, tukaingia mtaroni. Hatukuumia, lakini gari halikutoka. Tulingoja lori hadi jua likawa utosini. Daktari wa Voi alimpima mama, akasema kwa upole, "Mngemleta mapema."

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, nusu ya mwili imelala, bila neno. Nilimlisha, nilimwogesha, na nilimwomba radhi sijui mara ngapi. Alinitazama tu. Hadi leo sijui kama macho yale yalikuwa yananisamehe au yananikumbusha.

Ndugu zangu bado wanalaumiana. Mwadime anasema shida ilikuwa viti, Mwakio anasema shida ilikuwa kreti. Mimi hawanitaji. Mimi nilisaidia tu.

Tumeambiwa ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi sikuchukua jembe, nilichukua spana. Siku hizi simu itakuonyesha namna ya kufungua kitu chochote, na hilo si baya. Lakini simu haitakuuliza kwa nini unakifungua, wala nani ataketi hapo kesho. Ukiona watu wameshindwa kutenda baya, mwanangu, waache washindwe. Usiwaokoe kwa ujuzi wako, na usijidanganye kwamba baya likitendwa kwa ufundi linapungua ubaya. Aliyekufundisha kazi alikuwa na nia yake. Ukiitumia kazi ile, itumie pamoja na nia ile. Na kama umemkosea mzazi, nenda leo, kwa kuwa maji yakishamwagika hayazoleki.

Mungu aliyekupa mikono yenye akili akupe na moyo wa kuizuia. Wazazi wako wazeeke na sauti zao, na siku utakapopiga magoti kuomba radhi, usikie ukijibiwa.