Shukrani Kabla ya Majibu

Kivimbe kilikuwa kwenye titi la kushoto, kidogo kama punje ya karanga, na nilikigundua nikioga. Daktari wa Vwawa alichoma sindano, akachukua kinyama, akasema kitapelekwa Mbeya kupimwa na majibu yatarudi baada ya wiki tatu. Wiki tatu! Alizitaja kama vile ni dakika tatu.

Nyumbani Tunduma, mume wangu, fundi matairi wa malori na mzee wa kanisa, alipokea habari kwa sauti ile ile anayotumia kusoma matangazo ya Jumapili. "Umeshapona kwa jina la Yesu." Nikamjibu kwamba sijapona, nina kivimbe, na asogee maana mboga inaungua. Mimi sikuwahi kuwa mtu wa imani ya kelele. Kuomba kwangu kulikuwa kulalamika. Nikiosha vyombo, nikichambua maharage, namuuliza Mungu kama ameona umri wa watoto wangu. Nilikuwa naogopa kufa, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo.

Walionishikilia ni akina mama wa jumuiya. Kila Jumatano saa kumi walikuja kwangu, watano au sita, wakavua kandambili mlangoni, wakaimba pambio moja, wakaomba, wakanywa chai, wakaondoka. Hawakunieleza Mungu ana makusudi gani na titi langu. Wakishaondoka niliweza kula.

Jumapili ya pili mume wangu akaja na wazo. Tumtolee Mungu shukrani mapema, kwa imani, kabla majibu hayajatoka. Akamkamata jogoo, akamfunga miguu, akanikabidhi. Kwetu sadaka ya shukrani haipiti kimyakimya. Unatoka mbele na ulichokileta, katibu anasoma sababu mbele ya watu wote, na baada ya ibada kitu chako kinanadiwa uwanjani. Katibu naye akasoma alivyozoea kusoma: familia hii inamshukuru Mungu kwa kumponya mama. Vigelegele vikalipuka. Akina mama wakaja wakicheza, mmoja akanipokonya jogoo ili apate kunikumbatia. Nilitaka kusema jamani ngojeni kwanza, lakini kwaya ikishashika wimbo nani wa kuisimamisha? Nikatabasamu kama bibi harusi aliyebanwa na viatu. Jogoo alinunuliwa na mama mchungaji, nami nikarudi nyumbani na kivimbe changu.

Jumatano iliyofuata nilichemsha chai ya watu saba. Saa kumi ikapita, kumi na moja ikapita, hakuna aliyebisha hodi. Na waje kufanya nini? Mgonjwa amepona, kanisa zima limeshuhudia, na wao wana nyumba nyingine za kuombea. Nilikunywa vikombe vitatu peke yangu, hasira ikapanda. Mume wangu aliporudi, mikono imejaa grisi, nikamwambia, "Jogoo wako amewafukuza waombaji wangu." Akasema nisitamke maneno ya kukosa imani. Nikajifunga kitenge nikatoka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa kiongozi wa jumuiya, bibi mmoja wa Kinyiha anayeuza karanga na maharage karibu na kwetu. Njiani nilikaribia kugeuka mara mbili. Kuikana shukrani uliyoitoa kanisani ni aibu, ni sawa na kukiri kwamba ulisema uongo madhabahuni.

"Bibi, sijapona," nikasema. "Majibu hayajatoka. Naogopa."

Akaniangalia, kisha akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Yaani juzi tulicheza bure?"

"Mlicheza bure, bibi."

"Na goti langu hili! Haya, mwanangu, Mungu anatujua tulivyo. Kaa hapa."

Akaniombea pale pale, katikati ya magunia, kwa Kinyiha, lugha ambayo mimi Mnyamwanga naishika nusunusu. Nilichokipata ni kwamba hakumwamuru Mungu chochote. Alimwomba tu asiniache peke yangu. Kesho yake, ingawa ilikuwa Alhamisi, wakaja wote, na mmoja wao akaleta sukari kama faini.

Wiki iliyofuata simu ikaita: majibu yapo, njoo uyachukue. Hawakusema zaidi. Mume wangu alitaka kunisindikiza, nikakataa, maana sikutaka kuhubiriwa mlangoni kwa daktari. Nikaenda Vwawa peke yangu.

Daktari alisoma karatasi, akainua uso. "Mama, hii siyo saratani. Ni uvimbe wa kawaida, tutaufuatilia tu." Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba anionyeshe ilipoandikwa, akaniwekea kidole kwenye mstari wenyewe. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi nikacheka peke yangu kama mwehu, nikafurahi mpaka masikio yakawaka moto. Halafu njaa ikanishika, njaa ya wiki tatu nzima. Nikanunua ndizi mbili za kuchoma, nikazila nimesimama.

Ndipo nikampigia mume wangu. Akapokea kwa sauti ile ya mzee wa kanisa, "Bwana asifiwe."

"Siyo saratani," nikasema.

Nilisikia malori, nikasikia wenzake wakigonga ringi kwa nyundo. Kisha nikamsikia analia kwa kwikwi, yeye ambaye hata kwenye msiba wa mama yake alisimama mkavu akiongoza nyimbo.

"Mke wangu, mimi nilikuwa siwezi kuomba," akasema. "Tangu siku ile uliponiambia. Nikifumba macho naona jeneza. Nilikuwa napaza sauti tu."

Katika nyumba yetu, tangu tuoane, anayeomba ni yeye. Mimi ni wa kuitikia. Nikasogea pembeni ya muuza ndizi, nikamwambia afumbe macho hapo hapo alipo, kati ya matairi yake. Nikaanza kuomba mimi, kwenye simu, na yeye akawa anaitikia amina.