Mishono ya Upogo

Hebu fikiria, msomaji wangu, sebule moja ya Bondeni baada ya alasiri. Wanawake watano wameketi mkekani, wanaunga vipande vya leso kuukuu kuwa mfarishi mmoja mpana. Mimi nilikuwa nimemsindikiza dada yangu, mmoja wao.

Akabisha hodi binti wa mwenzao aliyefariki majuzi.

"Mama zangu, nionyesheni alichoshona mama. Nataka kuigusa mishono yake."

Mifarishi ya zamani ikakunjuliwa. Wote wakainama kuitazama, lakini hakuna aliyenyoosha kidole.

Mwishowe mwenye nyumba akasema taratibu, "Mwanangu, mama yako alishona upogo. Akishatoka, twafumua vipande vyake, twashona upya. Hatukutaka aone haya."

"Vyote?"

"Vyote, mwanangu."

Dada yangu akakitazama kiraka chake mwenyewe, kwa shaka.

Ndipo mmoja wao akapekua kikapu, akatoa kipande kidogo alichokiacha marehemu, sindano ingali imechomekwa. Hicho hawakuwahi kukifumua. Binti akapitisha kidole juu ya mishono iliyokwenda kombo.

"Ndiyo hii," akasema, akicheka na kulia. "Hata vifungo vya sare yangu alivishona hivi hivi."

Mkono wa mwenye nyumba ukaelekea kwenye uzi, kwa mazoea tu. Ukarudi.

Nimefundisha watoto miaka mingi, nami najua mkono unavyowasha ukiona kazi ya mwenzio imepinda. Akina mama wale walifanya kwa huruma. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: unapomrekebishia umpendaye, mwachie walau mshono mmoja wa mkono wake.