Tui la nazi na sauti ya marehemu

Jamani, leo nusura nimzike mume wangu mara ya pili!

Mimi nasema, mjukuu wangu Zubeda anaandika. Shule sikwenda.

Asubuhi nakamua tui la samaki, changu wabichi wa Moa, watamu hao! Haya, ya samaki tuyaache. Bakuli likaniponyoka, tui lote juu ya laptopu ya Zubeda. Ikazimika pu!

Na humo ndimo ninamosikiliza sauti ya marehemu akisoma maulidi. Hatuna nyingine.

Nikalia.

Zubeda katoka chumbani, kanitazama, kacheka. Mtoto hana haya!

"Bibi, humu hamna kitu. Hii inaomba tu. Sauti zote zinakaa kwenye ile kompyuta kuukuu chini ya kitanda chako. Nimeziunganisha mwenyewe kwa waifai. Hii ikiomba, ile inatoa."

Kashika simu yake, kabonyeza.

Marehemu huyooo, anasoma, na kikohozi chake kilekile!

Kumbe kilicholowa kikapu, duka halijalowa. Alhamdulillahi.

Mara hodi mlangoni. Yule bwana wa vyuma chakavu! Nilimwita mwenyewe jana, aje abebe hilohilo likompyuta la chini ya kitanda, maana linanguruma tu, silijui kazi yake.

"Shikamoo bibi. Liko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Haliuzwi. Humo yumo mume wangu."

Kaondoka mbiombio, kandambili mkononi.

Nyie mngemwambiaje?