Simu ya Bamdogo na Hataza ya Masele

Mamdogo wangu Safiya, ukimuuliza anafanya kazi gani, tafuta kiti kwanza. Hapa Geita kazi zinaeleweka: huyu anachimba, yule anauza vipuri, yule ana karasha la kusagia mawe. Yeye ni wakala wa hataza. Yaani ukibuni kitu ambacho dunia haijawahi kukiona, anakuombea ulinzi kwenye mfumo wa serikali mtandaoni, ili mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yako. Majirani walishindwa kuelewa wakaamua tu ni mwalimu. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba!" Maisha yanasonga.

Sasa huo mfumo haukuruhusu uingie kirahisi. Ukishaandika nywila yako, mfumo unatuma namba kwenye simu, uziandike ndiyo ufunguliwe. Na simu iliyosajiliwa ilikuwa ya mumewe, bamdogo Abdulwahab, kwa sababu enzi hizo ya mamdogo ilikuwa inazimika hovyo. Bamdogo alikuwa karani bandari kavu ya Isaka, alipostaafu akahamia barazani na kahawa yake. Jamani, ile ilikuwa sinema!

"Safi! Zimeingia!"

"Haya taja."

"Sema kwanza, 'mume wangu mpenzi.'"

"Abdulwahab, mfumo utanitoa!"

"Basi utoke, uje huku tunywe kahawa."

Mwisho anazitaja, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Wateja waliokaa sebuleni wanacheka mpaka wanasahau walichokuja nacho. Halafu mamdogo anawageukia na somo lake la kila siku: namba ikiingia kwenye simu yako usimtajie mtu, hata akilia, hata akiapa, matapeli wamejaa. Bamdogo anadakia kutoka nje, "Isipokuwa mkeo!"

Masele ndiye mteja niliyempenda kuliko wote. Ni fundi wa kuchomelea kule Katoro, Msukuma mrefu, akiingia ndani anainama hata kama mlango unamtosha. Mkewe, Mbuke, alikuwa anafanya kazi kwenye mialo, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu, anachanganya zebaki kwa mikono mitupu kama anakanda unga. Miaka ikapita, sumu ya zebaki ikamwingia, mikono ikaanza kutetemeka, kikombe cha chai hakishiki. Masele akajifungia karakanani. Akatoka na mtambo wa kukamata dhahabu kwa maji na mabati yenye mikunjo, zebaki hata tone hamna. Na unakamata kweli!

Mamdogo akatuma maombi. Akamwambia, "Masele, tarehe hii ya leo ndiyo kinga yako. Sasa onyesha mtambo wako popote."

Masele akauonyesha. Mialo yote ikaujua, watu wakaja mpaka kutoka Maganzo kwenye almasi.

Halafu bamdogo akafariki. Moyo tu. Alikunywa kahawa, akasema amechoka, basi.

Mamdogo akakaa eda. Mjane kwetu anatulia ndani, kazi zinasimama. Simu ya bamdogo aliizima, akaifunga ndani ya kanzu, akaiweka kabatini. Hakuna aliyewaza kitu. Ni simu ya marehemu, nani ataigusa?

Alipotoka eda akakuta kwenye barua pepe swali la ofisi ya hataza kuhusu maombi ya Masele: michoro irekebishwe, jibu lipitie kwenye mfumo kabla ya tarehe fulani, la sivyo maombi yatahesabika yameachwa. Masele akapima upya kila bati, mamdogo akachora upya. Siku ya mwisho, mchana, kila kitu kiko tayari. Akaandika nywila. Mfumo ukasema namba zimetumwa.

Akanyanyua kichwa akatazama barazani. Mimi nilimwona. Kisha akakumbuka.

Tukaitoa simu kwenye kanzu, tukaichaji. Ikawaka, mtandao hamna. Mimi nikapiga ile namba kwa simu yangu ili tujue kama laini ni nzima. Ikaita! Lakini siyo pale mezani.

"Haloo, nani?" Sauti ya kijana, nyuma yake honi za malori.

Kumbe laini ikikaa bila kutumika inafungwa, halafu inauzwa tena. Kijana ni utingo, yuko Isaka, laini mpya kabisa.

Mamdogo akachukua simu. "Mwanangu, kuna meseji imeingia kwako sasa hivi, ina namba. Nakuomba unitajie."

"Hee! Mmeanza!"

"Sikiliza baba, hiyo laini ilikuwa ya mume wangu. Amefariki."

"Leo mmekuja na marehemu? Jana mlikuwa na zawadi ya pikipiki!"

"Wallahi sikudanganyi. Kuna mtu kazi yake yote inapotea leo."

"Mama, hata ulie. Tumefundishwa, hizi namba hazitajwi."

Akakata. Tulipopiga tena alikuwa ametufungia. Mamdogo akaiweka simu chini, akasema polepole, "Amefanya sawa. Ndivyo ninavyowafundisha." Halafu akalia, kilio ambacho hata msibani hakukitoa.

Tukapiga ofisi ya hataza. Dada wa huko alikuwa mpole, lakini namba ya simu iliyosajiliwa haibadilishwi kwa maneno tu, lazima cheti cha kifo. Na cheti mamdogo alikuwa hajakifuata. Alikuwa anasema kesho, kila siku kesho. Alipokipata na kufunguliwa mfumo, neno lilikuwa pale: yameachwa. Kuomba upya haisaidii, kwa sababu hataza inatolewa kwa kitu kipya, na mtambo wa Masele sasa kila mtu kauona.

Tukaenda Katoro pamoja. Mamdogo akamwambia yote, amesimama, amekataa kiti.

Masele akavua glavu zake za kuchomelea. Akauliza, "Kwa hiyo mayu, huo mfumo haujui kwamba watu wanakufa?"

"Haujui, Masele."

"Na mtambo siyo wangu tena?"

"Ni wako. Lakini siwezi kumkataza mtu asiuige."

Nilitegemea atapiga kelele. Alimpa mkono, wa pili ameuweka kwenye kiwiko, kwa heshima. "Wabeja, mayu," akasema. Asante, mama, kwa Kisukuma. Asante ya nini, mimi sijui mpaka leo.

Tunatoka, akaingia fundi mwingine kutoka Chato, ana futi kamba mkononi, akaanza kuuzunguka mtambo. Akamwuliza Masele kwa aibu kidogo, "Vipi kaka, si nilisikia una hataza?"

Masele akashika ncha ya futi, akaibana kwenye kona ya bati.

"Pima tu, ndugu," akasema. "Anzia hapa."