Msumari wa Fundi Viatu

Fundi viatu wa mtaa wetu hakurudishii kiatu kabla hajaingiza mkono ndani na kuipapasa soli taratibu, macho ameyafumba. "Msumari hauna adabu," husema. Ana kisukari cha siku nyingi, na hujisifu kwamba hajui maumivu ni kitu gani. Jana jasho lilimtiririka amekaa kitako, pumzi zikambana. Mkewe na mimi tukamkokota hadi hospitali, naye njia nzima ananung'unika kwamba tunamharibia kazi. Daktari, binti wa rika la wanawe, akasoma kipimo. "Baba, umepata shambulio la moyo. Sukari imetia ganzi mishipa ya fahamu, ndiyo maana hukusikia maumivu." Fundi akanikonyeza. "Mwanangu, moyo wangu, kifua changu. Uumie, mimi nisijue?"

Alipovuliwa viatu alazwe, soksi moja ilikuwa imelowa damu. Daktari akatia mkono kiatuni, akapapasa, akauchomoa haraka. "Na huu msumari, baba, unao tangu lini?" Mkewe akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Fundi alifumba macho, akaweka mkono kifuani, akaanza kupapasa taratibu.