Lenzi Mbili na Dirisha la Ghala

Watu walimwita Bi Chongo, ingawa macho yake yote mawili yalikuwa mazima kama ya kipanga. Jina lilimganda kwa sababu ya kazi: alikuwa ametengeneza kamera za filamu miaka thelathini, na hata akizungumza na mtu alifumba jicho la kushoto. Tangu afiwe na mumewe aliishi na wifi yake, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, kimoja cha kulala na kimoja cha kazi.

Siku moja mpiga picha wa majengo alimletea kamera mbili. Moja ya filamu ndogo, nyepesi. Nyingine ya filamu pana, nzito kama tofali.

"Safari hii nabeba moja tu, mama. Niambie lenzi ipi haitaniangusha."

Saa nne asubuhi Bi Chongo aliziweka dirishani kwa zamu, akapiga ukuta wa ghala tupu ng'ambo ya uchochoro. Ukuta wa matofali hausemi uongo. Lenzi mbovu huumbuka palepale. Akasafisha filamu, akachapa picha, akaziinamia na kioo cha kukuzia.

Lenzi ya kamera ndogo ilikuwa kali kama wembe katikati, lakini pembeni matofali yaliyeyuka mpaka pale alipolibana tundu lake la kupitishia mwanga. Ile ya kamera pana ilishika pembe zote nne, hata nyufa za chokaa zikahesabika.

Kwenye dirisha la juu la ghala, picha ndogo ilionyesha doa. Kwenye picha pana, doa lile lilikuwa mtu. Mwanamke mwenye nywele nyeupe pe, aproni imeungua mfukoni, jicho la kushoto amelifumba.

Bi Chongo akajishika mfuko wa aproni yake, pale pasi ilipopaunguza.

"Wifi, hebu njoo."

Wifi akatazama. "Mbona ni wewe huyu?"

"Nywele zangu nyeusi."

"Basi kioo cha dirisha kimekurudisha vibaya." Wakacheka, kicheko kikawakauka mdomoni.

Walishuka wakavuka uchochoro. Mlinzi wa ghala aliwafungulia bila maswali. Ndani walipoinua macho, dirisha lilikuwa juu kabisa, halina kioo hata kipande, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Sakafu ya juu ilianguka kabla sijaajiriwa," mlinzi alisema. "Huko hata paka hana pa kukanyaga."

Kesho yake, saa ileile, Bi Chongo alipiga tena kwa lenzi zote mbili. Dirisha lilikuwa tupu.

Wifi akashusha pumzi. "Afadhali. Ameondoka."

"Ameondoka," Bi Chongo akajibu, "kaenda wapi?"

Mwenye kamera alipokuja aliambiwa ukweli: abebe ile pana, uzito wake una malipo. Alifurahi, akaomba picha za majaribio. Bi Chongo alimpa zote isipokuwa moja, na hiyo aliichana vipande mbele ya wifi yake.

Kazi anaendelea nayo mpaka leo, na wateja hawajapungua. Ila mtu akipiga hodi, huuliza mara mbili ni nani, kisha hungoja mpaka asikie sauti isiyo yake.