Safu ya Ukoo

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya utafiti pale Same, Mtafiti Mkuu alinikabidhi jedwali na kipande cha sabuni. "Sabuni itunze," akasema. "Jedwali tutawagawia wenzetu."

Ilikuwa miaka ya uhaba. Karatasi tuliandika pande zote mbili. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikihoji kila kitu, lakini hilo sikulihoji: taarifa za vinasaba, yaani urithi uliomo mwilini, ziwafikie watafiti wote.

Tulichunguza selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Nilifuta majina, nikaweka namba. Nikaacha kijiji, umri na ukoo, nikiamini kuwa bila ukoo urithi hauonekani. Biashara ya nje ilipofunguliwa tukapata kompyuta ya kwanza, na disketi zangu zikaenda vyuo vitatu.

Miezi ikapita, mtafiti wa chuo kimojawapo, mzaliwa wa Gonja milimani, akatuandikia. Alisifu kazi, kisha chini akaongeza: "Nisalimieni sana namba 14. Ni mama yangu mdogo."

Nililifungua jedwali. Kule Bombo, kijiji cha namba 14, ukoo ule ulikuwa na nyumba moja tu. Binti wa nyumba hiyo, namba 15, alibeba kinasaba kimoja cha selimundu. Haumwi, ila akizaa na mwenye kama hicho, watoto wako hatarini. Na alikuwa ameposwa.

Nilipanda Bombo kuungama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Mtoto wa dada kawauliza ndugu hali yetu, maneno yamewafikia wakwe. Kumbe tuna damu mbovu, na sisi tunaambiwa na wao!"

"Nifute yote?"

"Damu iacheni, isaidie wagonjwa. Ukoo ni wangu. Nani alikupa?"

Nilirudi Same, nikaanza kufuta safu ya ukoo.

Mtafiti Mkuu alinung'unika. "Ukiondoa ukoo unatuachia nini, wewe mbishi?"

"Mzazi na mtoto, mzee. Namba 14 kamzaa 15. Urithi hauhitaji jina la babu."

Akacheka, akakubali. Tangu hapo safu ya ukoo ilibaki kabatini. Anayeihitaji aombe kwa maandishi, aeleze ya nini. Kila jedwali liliambatana na maelezo ya kilichoondolewa na sababu yake. Na kabla ya kulituma, tulimpa mwenyeji wa milimani alisome. Akimtambua mtu, haliendi.

Sasa nimestaafu. Vijana hutuma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya mtu, kwa kubofya mara moja, na huniambia uwazi ni wema. Nami bado naamini hivyo. Lakini posa ile ilivunjika. Binti akaolewa mbali, na hakukanyaga tena kliniki tulikompima. Namba 15 ingali inasomwa na watu nisiowajua. Mimi niliyeiandika sijui hata kama wanawe wamewahi kupimwa.